Albamu za jazz za kusomea besi: tuanze na zipi, na tuzisikilize vipi?

Ndugu zangu wapenzi wa muziki, salaam.

Vijana kadhaa wanaopiga gitaa la besi hapa Tanga, baadhi yao katika bendi za dansi, wengine makanisani na wengine katika vikundi vya taarabu vinavyoalikwa harusini, wamekuwa wakiniuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: mpiga besi anayetaka kujifunza jazz ya Kimarekani kwa kusikiliza, asikilize albamu zipi? Nimeona niandike jibu refu mahali pamoja, kwa sababu jibu fupi, yaani orodha ya majina thelathini, ndilo linalowapoteza wengi. Orodha hizo zimejaa mtandaoni, na karibu zote zinachanganya mambo mawili: albamu iliyo kubwa katika historia, na albamu inayomfaa mwanafunzi wa besi. Zipo albamu kubwa kabisa ambazo besi yake imefunikwa na tarumbeta na dramu, na zipo ambazo besi inasikika waziwazi lakini yanayopigwa yako mbali mno na uwezo wa mtu anayeanza.

Msimamo wangu ni kwamba albamu ya kusomea ichaguliwe kwa sikio kabla ya sifa. Wapigaji wawe wachache, kila nota ya besi isikike, mzunguko wa wimbo, yaani mpangilio unaorudiwa tangu mwanzo hadi mwisho, uwe unahesabika, na mpiga besi awe anawatumikia wenzake badala ya kutafuta nafasi ya kuonyesha vidole vyake. Albamu nne au tano za namna hiyo, zikisikilizwa kwa utulivu, zinamtosha mtu mwaka mzima.

Mpiga besi aliyekulia katika muziki wetu anajua kazi moja vizuri sana, nayo ni kushika mstari mfupi na kuurudia bila kuyumba hata wengine wakipanda na kushuka. Jiji hili limekuwa na walimu wa kazi hiyo tangu enzi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz upande wa dansi, na Black Star Musical Club upande wa taarabu. Besi ya jazz ya miaka ya 1950 inadai kitu kingine: nota nne katika kila kipimo, moja kwa kila pigo, kwa dakika saba au nane mfululizo, bila kurudia mstari ule ule na bila kumpoteza anayepiga solo. Wenyewe huita kutembea, na mtu aliyezoea kurudia huona ugumu hapo hapo, kwani mkono unataka kurudi pale ulipotoka wakati wimbo umekwisha kusonga mbele. Kwa hiyo albamu za mwanzo zichaguliwe ili zifundishe kutembea kabla ya jambo lingine lolote.

Niseme kidogo kuhusu vifaa. Uzi mzito wa gitaa la besi, yaani E, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haiwezi kuitoa sauti hiyo. Unachokisikia ni sauti za juu zinazoambatana nayo, na sikio linakisia yaliyobaki. Sabufa za majumbani mwetu zina kasoro ya upande wa pili, kwa sababu zinakuza uzito mpaka nota mbili zinazofuatana zinakuwa mvumo mmoja. Tumia visikizi vya masikioni vya kawaida, vyenye waya ikiwezekana, na uzime kila kitufe cha kuongeza besi. Pakua albamu nzima mara moja badala ya kuisikiliza kwa vipande mtandaoni, maana utairudia sehemu ya sekunde kumi mara nyingi sana na bando litaisha kabla hujaielewa.

Albamu ya kwanza ninayoiweka mbele ya mtu yeyote ni Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis, iliyorekodiwa New York tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959. Najua kwamba kila orodha inaitaja, na ndiyo maana wengine huiruka wakidhani ni ya kila mtu na si ya mpiga besi. Lakini mpiga besi wake, Paul Chambers, ndiye anayefungua albamu. Katika wimbo wa kwanza, So What, ukipita utangulizi wa polepole, besi ndiyo inayotoa kauli na piano pamoja na wapulizaji wanaitikia kwa kodi mbili (kodi ni nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), kama kiongozi wa ngoma na waitikiaji wake. Umbo la wimbo ni vipimo 32, na kodi zake ni mbili tu. Waliopitia kwaya wataielewa haraka: piga skeli ya C, lakini anzia re na uishie re ya juu, hiyo ndiyo nyumba ya vipimo 16 vya kwanza. Vipimo 8 vinavyofuata vinapandisha nyumba hiyo hiyo nusu hatua, yaani nafasi moja tu kwenye shingo la gitaa, kisha vipimo 8 vya mwisho vinarudi mahali pa awali.

Kwa mwanafunzi hii ni neema kubwa, kwa sababu hakuna kodi zinazokimbia na sikio linapata nafasi ya kuuliza swali la msingi: Chambers, akiwa na skeli moja na vipimo 16 mbele yake, anafanya nini ili mstari wake usichoshe? Sikiliza anavyopanda kwa nota nne au tano zinazofuatana, akaruka kushuka, akagusa nusu hatua ya nje ya skeli ili aingie kwenye nota ya nyumbani kwa nguvu. Sikiliza pia mahali anapokaa dhidi ya toazi la Jimmy Cobb. Nota ya besi na mlio wa toazi vinatua pamoja, na huo muungano ndio unaofanya muziki uende mbele bila mtu kuongeza kasi.

Nyimbo nyingine mbili za albamu hiyo zina kazi maalumu. Freddie Freeloader ni mzunguko wa vipimo 12 katika B flati (B iliyoshushwa nusu hatua), ule mzunguko wa blues ambao kila mpiga jazz lazima aujue gizani na mchana: vipimo vinne vya B flati, viwili vya E flati, viwili vya B flati, kisha F na E flati. Angalia vipimo viwili vya mwisho, maana hapo wimbo unakwenda A flati pale ambapo sikio linasubiri B flati. Kumfuata Chambers kwenye kona hiyo ni zoezi zuri. All Blues nao ni vipimo 12, katika G, lakini kwa mwendo wa sita kwa nane, na besi inarudia mstari mmoja karibu wimbo mzima. Mtu aliyezoea mwendo wa chakacha atajisikia yuko kwao, na atatambua kwamba ile kazi ya kurudia aliyolelewa nayo ina heshima yake katika jazz pia. Wimbo huu ulirekodiwa siku ya pili, ambayo ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Chambers, alipotimiza miaka 24. Alifariki Januari 1969, akiwa na miaka 33 tu, na bado wapiga besi wote waliokuja baadaye wanapitia mlangoni kwake.

Tahadhari moja kwa watakaopiga pamoja na albamu hii. Siku ya kwanza ya kurekodi, mashine ya utepe uliotumika kutengeneza santuri ilikuwa ikizunguka polepole kidogo kuliko inavyotakiwa, na kwa hiyo nyimbo tatu za upande wa kwanza, yaani So What, Freddie Freeloader na Blue in Green, zilitoka zikiwa juu kidogo ya sauti yake halisi. Kasoro hiyo ilidumu katika nakala za sokoni mpaka matoleo ya miaka ya 1990 yaliporekebisha. Ukiona gitaa lako limetyuniwa sawasawa na bado halikubaliani na So What, huku likikubaliana na All Blues, usilikorofishe gitaa. Tafuta nakala ya toleo lililorekebishwa.

Albamu ya pili ni Night Train ya Oscar Peterson, iliyorekodiwa Desemba 1962 na kutoka mwaka uliofuata. Ni watu watatu tu: piano ya Peterson, besi ya Ray Brown na dramu za Ed Thigpen. Nyimbo nyingi ni fupi, nyingi ni blues, na sauti ya besi imerekodiwa kwa ukaribu unaokuwezesha kusikia kidole kikiachia uzi. Anza na C Jam Blues, ambao kiitikio chake kina nota mbili pekee, G na C, hivyo akili yako yote inabaki kwa Brown. Kama Chambers anakufundisha kutengeneza mstari, Brown anakufundisha uzito wa pigo: kila nota yake ina mwanzo, ina mwili, na inadumu mpaka nota inayofuata izaliwe. Wapiga gitaa la besi wengi wa hapa kwetu hukata nota mapema kwa sababu muziki wetu wa kucheza unapenda mianya. Katika kutembea mianya hiyo ni hasara, na dawa yake ni kupiga pamoja na Ray Brown ukilinganisha urefu wa nota zako na zake.

Ya tatu ni Way Out West ya mpiga saksafoni Sonny Rollins, ya mwaka 1957, naye Ray Brown yumo pia, safari hii na Shelly Manne kwenye dramu. Walianza kuirekodi Los Angeles saa tisa usiku kwa kuwa muda mwingine wote wenzake walikuwa na kazi. Nimeichagua kwa sababu hakuna piano wala gitaa. Saksafoni inaelea juu peke yake, na anayetueleza tupo kwenye kodi gani ni mpiga besi. Akikosea yeye hakuna wa kumfunika. Faida ya pili ni ya kiufundi: katika nakala za stereo saksafoni imewekwa upande mmoja na besi pamoja na dramu upande mwingine. Vaa kisikizi cha sikio moja na utapata besi na dramu karibu bila kitu kingine. Hamishia sikio la pili na utapata saksafoni, ili ujaribu kuitembeza wewe mwenyewe. Sijui zana ya kufundishia iliyo bora kuliko hiyo, na haikugharimu chochote zaidi ya albamu.

Ya nne ni ile ambayo watu wa Pwani wataipenda bila kushawishiwa: At the Pershing: But Not for Me ya mpiga piano Ahmad Jamal, iliyorekodiwa mbele ya wasikilizaji katika hoteli ya Pershing, Chicago, tarehe 16 Januari 1958, na Israel Crosby akiwa kwenye besi. Ilikaa katika orodha ya albamu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, kwa zaidi ya wiki 100, jambo lililokuwa adimu kwa jazz. Wimbo wa Poinciana una takriban dakika nane, na kwa sehemu kubwa Crosby na mpiga dramu Vernel Fournier wanafuma mdundo mmoja unaorudi na kurudi huku Jamal akiacha nafasi kubwa za kimya. Crosby anaonyesha kwamba kurudia kuna ngazi zake. Mstari ni ule ule, lakini hapa ameongeza nota moja ya kupitia, pale ameiacha, na kila mabadiliko yanatokea kwa sababu piano imesema kitu. Mpiga besi wa taarabu anayetaka kupanda ngazi bila kuacha asili yake aanzie kwa Crosby.

Sasa namna ya kusoma. Usishike gitaa siku ya kwanza. Sikiliza wimbo mmoja, chagua mizunguko miwili ya mwanzo wa solo ya kwanza, na uimbe mstari wa besi kwa mdomo mpaka uweze kuuimba bila albamu. Sauti ya kuimba haihitaji kuwa nzuri, inahitaji kuwa sahihi. Ndipo ushike ala, na utafute kwanza nota ya pigo la kwanza la kila kipimo peke yake. Nota hizo ndizo mifupa ya mstari. Mara nyingi zinakutajia jina la kodi. Baada ya hapo tafuta nota ya pigo la nne, kwa kuwa ndiyo inayokupeleka kwenye kipimo kinachofuata, na utakuta kwamba mara nyingi iko nusu hatua juu au chini ya mahali inapokwenda. Ukizipata hizo mbili, pigo la pili na la tatu karibu zitajijaza zenyewe. Kasi ikikushinda, programu nyingi za kuchezea muziki kwenye simu hupunguza mwendo bila kubadilisha sauti. Punguza mpaka robo tatu, usishuke zaidi ya nusu, maana chini ya hapo mdundo unakufa na unabaki na nota zisizo na uhai.

Andika unachokipata. Kama husomi nota za mistari mitano, andika kwa do-re-mi kama wanakwaya wanavyofanya. Kitu muhimu ni mkono wako kukiri kile sikio lilichosikia.

Albamu ambazo ningeziahirisha ni zile zinazotajwa kwanza pale mtu anapouliza juu ya besi. Waltz for Debby na Sunday at the Village Vanguard za mpiga piano Bill Evans, zilizorekodiwa siku moja, tarehe 25 Juni 1961, zina besi ya Scott LaFaro, na ninazihesabu miongoni mwa vitu vizuri kabisa vilivyowahi kurekodiwa. LaFaro alifariki katika ajali ya gari siku 11 baadaye, akiwa na miaka 25. Lakini yeye anazungumza na piano kama mtu wa rika lake, anakatiza, anajibu, anaacha pigo la kwanza kwa makusudi kwa sababu anajua kila mmoja analisikia moyoni. Mwanafunzi akimwiga kabla hajajua kulishika pigo hilo, bendi inabaki bila sakafu. Bass on Top ya Paul Chambers, ya mwaka 1957, nayo ni nzuri mno, lakini pale besi ndiyo inayobeba kiitikio na sehemu nyingine inapigwa kwa upinde. Ichukue baada ya Kind of Blue, siyo kabla. Mingus Ah Um ya Charles Mingus ni ya kusikiliza kila wiki kwa ajili ya roho na utunzi, ingawa kwa kunakili mstari wa besi kuna wapulizaji wengi juu yake.

Majibu kwa waliochangia

Kaka wa Muheza, umeuliza kama mpiga gitaa la besi la umeme anapoteza muda kwa kuwasoma watu wanaopiga besi kubwa ya kusimama. Hapana, hapotezi. Nota ni zile zile na nyuzi zimetyuniwa sawa, E, A, D, G. Tofauti iko katika namna nota inavyoishi: ya besi ya kusimama huvimba na kufifia, ya gitaa la besi hudumu na kung'aa. Donoa karibu na shingo la gitaa badala ya karibu na daraja, punguza sauti kali kwenye amplifaya, na kama unaweza funga nyuzi laini zisizo na mikwaruzo. Kuna waliovuka upande mmoja kwenda mwingine na wakaheshimika. Bob Cranshaw, ambaye besi yake ya kusimama unaisikia katika The Sidewinder ya Lee Morgan, iliyorekodiwa Desemba 1963, baadaye alihamia gitaa la besi baada ya kuumia mgongo na akaendelea kuwa mtu wa karibu wa Sonny Rollins kwa miaka mingi. Steve Swallow naye aliiacha besi ya kusimama kwa hiari yake. The Sidewinder yenyewe, kwa njia, inawafaa sana watu wa dansi: ni blues iliyorefushwa kuwa vipimo 24, na mdundo wake unachezeka.

Dada wa Chumbageni unayepiga kanisani, umeuliza kuhusu mpiga gitaa la besi Jaco Pastorius na kwa nini hayumo. Nampenda. Albamu yake ya kwanza, ya mwaka 1976, inaanza na Donna Lee akiwa na tumba pekee, na kwa mpiga gitaa la besi lisilo na mistari shingoni hakuna mlima mrefu zaidi. Ila fikiria kile anachokifanya: anapiga kiitikio kilichotungwa kwa wapulizaji, kwa kasi ya wapulizaji. Ni kazi ya mtu ambaye alishamaliza kujifunza kutembea zamani. Kama unataka besi ya umeme inayokaa chini na kuwabeba wengine, chukua Head Hunters ya Herbie Hancock, ya mwaka 1973, umsikilize Paul Jackson. Usikosee tu katika Chameleon: ule mstari wa besi maarufu unaofungua wimbo unapigwa na Hancock mwenyewe kwenye kinanda cha umeme, na wengi wamejitesa kutafuta kwenye gitaa namna ya kuutoa mlio ule. Kwako wewe unayepiga nyimbo za ibada ningeongeza Hymn to Freedom, wimbo wa mwisho wa Night Train. Unaanza polepole, katika hali ya kanisani kabisa, na Ray Brown anaujenga kwa subira mpaka mwisho.

Mzee wetu wa taarabu, shikamoo. Umeandika kwamba albamu zote hizi ni za mbali na ala zetu za udi na kanuni, na kwamba kijana wa Tanga atarudi kwenye kundi lake akiwa na mikono ya ugenini. Hoja yako ni nzito na ina jibu zuri. Mwaka 1958 mpiga besi wa Brooklyn, Ahmed Abdul-Malik, alirekodi Jazz Sahara, ambamo besi na udi vyake vinakaa pamoja na kanuni, fidla, ngoma ya darbuka na saksafoni ya Johnny Griffin. Mtu huyu alikuwa akipiga besi kwa mpiga piano Thelonious Monk katika miaka hiyo hiyo. Yumo katika onyesho la Carnegie Hall la tarehe 29 Novemba 1957, Monk akiwa na mpiga saksafoni John Coltrane, ambalo mikanda yake ilipatikana mwaka 2005 katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Kwa hiyo tuna mtu mmoja, ala moja na kazi mbili. Zisikilize albamu hizo mbili zikifuatana. Kwa Monk anatembea, kodi baada ya kodi. Katika Jazz Sahara anakaa kwenye nota ya nyumbani na jirani zake, anawaachia kanuni na fidla wazunguke, na anajua ni wakati gani asiongeze chochote. Kijana anayeweza kutofautisha kazi hizo mbili kwa sikio hatawasumbua wazee kwenye kundi, bali atajua kwa nini besi ya taarabu haitakiwi kutembea pale mwimbaji anapovuta ubeti.

Kaka wa Pangani umeuliza kuhusu jazz ya bara letu. Chukua Good News from Africa, ya mwaka 1973, ya Abdullah Ibrahim, wakati huo akijulikana kama Dollar Brand, pamoja na mpiga besi Johnny Dyani, wote wa Afrika Kusini. Kwa sehemu kubwa ni watu wawili, piano na besi, pamoja na sauti zao wenyewe wakiimba. Hakuna dramu, na hilo linamlazimisha Dyani awe ndiye ngoma. Siiweki katika nne za kwanza kwa kuwa mizunguko yake si rahisi kuhesabika kwa mtu asiyezoea, lakini kwa mwezi wa saba au wa nane wa masomo inafaa kabisa.

Wale mliouliza kuhusu vitabu vya nota zilizokwisha andikwa: vipo, vinasaidia kuhakiki ulichokisikia, na vinaharibu iwapo utavifungua kabla ya kusikiliza.

Mdogo wangu wa Makorora, umeniuliza niseme wazi kama A Love Supreme ya John Coltrane iwe ya kwanza au ya mwisho, kwa sababu mstari wake wa nota nne unaweza kuupiga tayari. Ni kweli, unaupiga: F, A flati, F, B flati, ndio ule anaouanzisha mpiga besi Jimmy Garrison katika sehemu ya kwanza ya albamu hiyo iliyorekodiwa tarehe 9 Desemba 1964. Tatizo haliko katika nota nne bali katika kinachotokea baada yake. Garrison hakai na mstari huo kwa dakika zote. Anaupindua, anaukata katikati, anauacha kabisa Coltrane anapopanda, kisha anaurudisha pale mpiga dramu Elvin Jones anapotulia, na baadaye unaimbwa kwa maneno. Fuatilia sehemu hiyo ya kwanza ukiwa na karatasi, na kila mara mstari wenyewe unapobadilika andika dakika na sekunde, na mbele yake andika nani alikuwa amesema nini: saksafoni, piano ya McCoy Tyner au dramu. Hiyo unaweza kuifanya hata sasa, bila gitaa. Sehemu ya besi peke yake inayounganisha sehemu ya kwanza na ya pili, na ile ndefu zaidi inayotangulia sehemu ya nne, ziache mpaka Freddie Freeloader na C Jam Blues ziwe zimeingia mkononi, ndipo uzichukue kipimo kwa kipimo, ukianza na ile fupi.